Moshi wa Ubani Ndani ya Seneti

Juma hili tunakwenda mbali kidogo, zaidi ya miaka 1,600 nyuma, hadi mji wa Roma, ndani ya jumba walimokutana wazee wa Seneti. Humo palikuwa na sanamu ya mungu wa kike aliyeitwa Ushindi, na karibu yake madhabahu. Iliwekwa na mtawala aliyekuja kuitwa Kaisari Augusto, mwaka 29 kabla ya Kristo, baada ya kuwashinda Antonius na Kleopatra. Mzee wa Seneti alipoingia kikaoni alitia chembe za ubani motoni, akamimina divai kidogo, ndipo akaketi. Viapo vya utii kwa Kaisari viliapwa hapo hapo.

Mwaka 382 Kaisari Gratian, Mkristo, kijana wa miaka 23 hivi, akaamuru madhabahu ile iondolewe. Akafuta na ruzuku za makuhani wa miungu, na za mabikira wa Vesta, wale wanawake waliotunza moto mtakatifu wa mji. Wazee wa Seneti walioshika dini ya zamani wakatuma ujumbe kwa Kaisari. Wakarudishwa bila hata kuonana naye.

Mtu wa leo anaweza kuuliza, jamani, ugomvi wote huu kwa chembe ya ubani? Ndiyo. Na kabla hatujamhukumu Gratian, tukumbuke ubani ule ulikuwa umefanya kazi gani.

Mnamo mwaka 112 gavana mmoja aitwaye Plinius, katika jimbo la Bithynia, ambalo leo liko Uturuki, alimwandikia Kaisari Trajan kumweleza jinsi anavyowapima Wakristo. Aliwaletea sanamu ya Kaisari na za miungu. Aliyetia ubani na divai na kumlaani Kristo aliachiwa. Aliyeng'ang'ania imani yake, baada ya kuulizwa mara tatu, aliuawa. Mwaka 250 Kaisari Decius akaenda mbali zaidi: wakaaji wa dola nzima watoe sadaka kwa miungu, na kila mmoja apewe cheti. Baadhi ya vyeti hivyo vimeokotwa Misri, vimeandikwa kwenye mafunjo, vina jina la mtu na saini ya mashahidi waliomwona akitoa sadaka na kuonja nyama yake. Kisha mwaka 303, chini ya Diocletian, makanisa yakabomolewa na vitabu vitakatifu vikachomwa.

Warumi hawakufanya hayo kwa kuchukia miungu ya wageni. Mwaka 204 kabla ya Kristo walimleta wenyewe Mama wa miungu kutoka Asia Ndogo, na baadaye Isis wa Misri akapata mahekalu yake Roma. Kwa mwenye miungu kumi, wa kumi na moja si tatizo. Ndiyo maana Wakristo waliwashangaza. Waliitwa watu wasio na Mungu, tena kwa dhati kabisa! Mwabudu miungu mingi alikuwa akisema, karibu, sogea tukae sote. Mwabudu Mungu mmoja alisikia, kana imani yako. Hapo hakuna aliyekuwa akisema uongo.

Njia ya kutokea ilikuwapo, na dola iliijua. Wayahudi, ambao nao hawakukubali mungu mwingine, walivumiliwa kwa kuwa dini yao ilikuwa ya mababu. Katika hekalu la Yerusalemu sadaka ilitolewa kwa Mungu kwa ajili ya Kaisari, hadi uasi ulipoanza mwaka 66. Yaani Kaisari aliombewa, hakuombwa. Tofauti ya herufi chache tu, na ilitosha kulinda amani kwa miaka mingi.

Turudi Roma. Gratian aliuawa mwaka 383, na mwaka huo njaa ikaupiga mji. Mwaka 384 Symmachus, mkuu wa mji wa Roma, tajiri na msemaji hodari, akaandika waraka kwa Kaisari mpya, Valentinian wa Pili, mtoto wa miaka 13 aliyekaa Milano. Ni waraka wa kuhuzunisha. Aliufanya mji wa Roma uongee kama bibi kizee, anayeomba aachwe amalizie siku zake kwa desturi alizokulia. Akasema sote tunatazama nyota zilezile, na kwamba siri ya Mungu ni kubwa mno kufikiwa na watu wote kwa njia moja. Tena akadokeza kwamba njaa ile ilitokana na kunyang'anywa wale mabikira haki zao.

Maneno hayo yangemgusa yeyote. Lakini yalisemwa zamani kabla yake, na mtu wa upande wa pili. Mnamo mwaka 212 Tertullian, Mkristo wa Karthago, alimwandikia gavana wa Afrika kwamba dini haiingii kwa kulazimishwa na kila mtu ana haki ya kuabudu kwa dhamiri yake. Enzi hizo mababu wa akina Symmachus walikuwa wameshika mpini.

Aliyemjibu Symmachus ni Ambrosi, askofu wa Milano, ambaye naye aliwahi kuwa gavana. Majibu yake ni makali. Kama miungu ndiyo iliyomfukuza Hannibal, mbona Hannibal naye aliabudu miungu hiyohiyo? Imani yetu, akasema, ilikua chini ya upanga bila ruzuku. Yenu haiwezi kusimama bila fedha ya serikali? Hebu mtuhesabie mateka waliokombolewa na mahekalu na maskini waliolishwa nayo. Halafu akauliza jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote: je, mzee wa Seneti aliye Mkristo alazimishwe kukaa katika moshi wa sadaka asiyoiamini?

Hata bunge la leo linalijua swali hilo. Mbunge mmoja hushika Biblia, mwingine Kurani, na asiyetaka kitabu chochote huthibitisha kwa kauli yake. Watu wa mwaka 384 hawakuufikia utaratibu huo. Ambrosi hakutafuta nafasi ya wote. Alimwonya yule mtoto kwamba akikubali ombi la Symmachus, siku atakapokuja kanisani hatamkuta padri, au atamkuta wa kumkataza. Ombi likatupwa.

Ukweli usemwe: Ambrosi alishinda kwa hoja, lakini tishio halikuwa hoja.

Na mambo hayakuishia madhabahuni. Mwaka 391 Kaisari Theodosius alipiga marufuku sadaka na kuingia mahekaluni. Wakati huohuo hekalu maarufu la Serapis huko Aleksandria lilibomolewa. Novemba 392 sheria ikaingia hadi majumbani: hata ubani na taa kwa miungu ya nyumbani vikawa kosa. Wale waliokuwa wakikaguliwa kama wametia ubani, sasa wakawa wakaguzi wa wanaotia ubani. Upanga wenyewe, ukishazoea mkono wa kanisa, ulimrudia Mkristo. Mnamo mwaka 385 askofu Priscillian wa Hispania aliuawa mjini Trier baada ya kushitakiwa na maaskofu wenzake. Ambrosi, kwa heshima yake, alikataa kushirikiana nao.

Karne hiyohiyo neno la Kilatini paganus, mtu wa shamba, lilianza kutumiwa kwa waliobaki na dini ya zamani. Ndilo lililotupa neno mpagani. Fikiria Symmachus, mwenye majumba ya fahari mjini, akiitwa mshamba! Na Kiswahili chetu nacho kina lake: mshirikina, kwa asili yake ya Kiarabu, ni anayemshirikisha Mungu na wengine. Leo tunamtupia jirani tunayemshuku uchawi, bila kujali anaamini nini.

Kuna jambo moja wengi hawalijui. Mwaka uleule wa 384 Milano iliomba Roma mwalimu wa ufasaha wa lugha. Aliyemchagua ni Symmachus mwenyewe, akampeleka kijana mmoja kutoka Afrika ya Kaskazini, ambaye wakati huo hakuwa Mkatoliki. Jina lake Augustino. Alipofika Milano alianza kumsikiliza Ambrosi, na Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi akambatiza.

Jumba la Seneti lingali limesimama Roma. Katika karne ya 7 liligeuzwa kanisa, na miaka ya 1930 kanisa hilo likaondolewa ili kuta za kale zionekane. Mtalii akiingia leo hakuti madhabahu ya Ushindi, wala ile ya kanisa iliyokuja baada yake.