“Aje” au “Akuje”? Dhamira Tegemezi katika Kiswahili cha Kitale na Bungoma

Kuanzia Kitale, kupitia Kiminini na Webuye, hadi Bungoma, “Mwambie akuje” ni sentensi ya kila siku sokoni, kwenye matatu, na hata miongoni mwa walimu wanapopiga gumzo. Mwanafunzi akiiandika kwenye insha, kalamu nyekundu huibadilisha iwe “Mwambie aje”. Maelezo anayopewa mara nyingi ni mafupi: athari ya lugha ya mama. Makala hii inadai kwamba maelezo hayo si sahihi. “Akuje” imezaliwa na Kiswahili chenyewe, na mwalimu anayo sababu bora zaidi ya kuisahihisha.

Tuanze na kitenzi cha kawaida. Dhamira tegemezi, yaani umbo la kitenzi kama “aje”, huundwa kwa kiambishi cha nafsi, mzizi na kiishio -e, pasipo kiambishi cha wakati: asome, tulime, wapike. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havibadilishi irabu yake ya mwisho: arudi, ajibu, asahau. Kwa hiyo kinachoitambulisha dhamira hii katika vitenzi vyote ni pengo la wakati. -E ni alama ya ziada tu. Kihispania nacho hugeuza irabu: hablar hutoa hable, comer hutoa coma. Pia hutofautisha quiero comer na quiero que comas kama sisi tunavyotofautisha “nataka kula” na “nataka ule”. Lakini Kihispania huitumia dhamira hiyo hata kwenye shaka, no creo que venga, mahali ambapo sisi tunasema “sidhani kama atakuja”. Dhamira yetu imejikita katika amri, ombi, kusudi na ruhusa.

Tatizo la “akuje” liko kwenye vitenzi vya silabi moja: kuja, kula, kunywa, kufa. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi -na-, -li-, -ta- na -me- havibebi mkazo, ndiyo maana ku- hubakizwa ili iubebe: anakuja, alikuja, atakuja, amekuja. Viambishi vya nafsi pamoja na -ki- na -si- huweza kuubeba, kwa hiyo ku- huondoka: aje, akija, asije. Mtoto anayesikia “-kuja” katika nyakati zote kuu huiona kama shina zima, kisha hulitendea jinsi anavyolitendea “-soma”. Matokeo yake ni akuje, akikuja, asikuje. Ni mtindo uleule unaowafanya watoto wa Kihispania waseme sabo badala ya sé: wamefuata kanuni hadi mahali ambapo watu wazima wameweka mwiko.

Je, Lubukusu, lugha ya mama ya wengi Bungoma, ndiyo chanzo? Lugha hiyo ina kitenzi-jina cha khu-, kama khulima, na dhamira tegemezi yake huishia -e vilevile: alime. Khu- haibakizwi kitenzi kinapochukua nafsi. Kama mtoto wa Bungoma angehamisha sarufi ya nyumbani kwao, angeiacha ku- bila kusukumwa. Zaidi ya hayo, “akuje” husikika Nairobi kwa vijana wasiojua neno la Lubukusu. Wala mazingira hayo hayamzuii mtu kukimudu Kiswahili sanifu: Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia, ndiye aliyeandika Siku Njema (1996), riwaya ambayo shujaa wake anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale, kwa Kiswahili kilichosomwa shuleni kote nchini Kenya kama kielelezo.

Wala Kiswahili sanifu chenyewe hakina usafi kamili katika jambo hili. Tunasema “kuleni” na “kunyweni”, ku- na -e zikiwa zimekaa pamoja. Tunakubali “anakwenda” na “anaenda” kwa pamoja. Hivyo anayedai kwamba “akuje” inavunja mantiki ya lugha hana hoja.

Hoja ipo kwingine. Katika Kiswahili, ku- ni pia kiambishi cha mtendwa wa nafsi ya pili. “Mwache akupe” maana yake akupe wewe. Basi “mwache akule” inazungumzia chakula au inamzungumzia simba? Kwa “kuja” utata hauzuki, kwa kuwa kitenzi hicho hakichukui mtendwa. Kwa “kula” unazuka papo hapo. Kanuni ya kuondoa ku- hulinda tofauti ya maana, na hilo mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kulielewa vizuri kuliko shutuma juu ya lugha ya nyanya yake.

Tangu 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima na la mtihani, kosa hili limesahihishwa kwa vizazi, na bado lipo. Linadumu kwa sababu linasahihishwa neno kwa neno, pasipo mfumo. Pendekezo letu ni kwamba walimu wa Kitale na Bungoma wafundishe kwanza mkazo, kisha utata wa “akule”, na waitumie alime ya Lubukusu kuonyesha kwamba -e si mgeni nyumbani. Mwanafunzi aendelee kusema “akuje” kwenye matatu akipenda. Kwenye insha ataandika “aje” akijua kwa nini.