Watoto Waliopokelewa: Huduma ya Ulezi katika Sharika za Buhaya

Historia ya miaka mia moja ya Injili katika Buhaya haikamiliki pasipo kuwataja Wakristo waliopokea watoto wasiowazaa. Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, waliikuta jamii ambamo mtoto aliyefiwa alikuwa wa ukoo wa baba yake. Baba mdogo, shangazi au bibi alimchukua, naye akala chungu kimoja na wenziwe. Kanisa halikuuvunja utaratibu huo, bali liliuongezea agano la Ubatizo, ambalo kwalo wazazi wa ubatizo huahidi mbele ya Usharika kumlea mtoto katika imani.

Jaribu kubwa lilikuja na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na wananchi wakauita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za biashara zilizopendwa siku zile. Maradhi hayo yalimwondoa baba pamoja na mama, na mara nyingi baba mdogo pia. Ukoo ukabaki na bibi mzee, na penginepo mtoto mkubwa akawa mlezi wa wadogo zake. Serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali mwaka 2004. Waliofariki kabla ya hapo walikwisha kuacha yatima wengi.

Ni lazima isemwe kweli kwamba si kila mlango uliofunguliwa ulifunguliwa kwa upendo. Yatima alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, na wapo waliomchukua ili wakipate. Wengine walimfanya mtumishi wa nyumba, wakapeleka shule watoto wao tu. Kwa hiyo Kanisa lilijifunza kwamba kumpokea mtoto ni mwanzo tu, na kwamba mlezi naye ahitaji kutembelewa, kusaidiwa na kuulizwa.

Fundisho hilo lapatana na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyoweka utaratibu wa malezi ya kambo. Anayetaka kuwa mlezi hupeleka maombi kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye huchunguza mwenendo wake na hali ya nyumba. Akikubaliwa, huwajibika kwa chakula, mavazi, matibabu na elimu ya mtoto kama mzazi, lakini hawi mmiliki wake. Kuasili huhitaji amri ya mahakama na humfanya mtoto kuwa wa familia mpya. Malezi ya kambo ni amana. Mtoto hubaki na jina lake, ndugu zake na urithi wake, na mlezi hupaswa kuwa tayari kumrudisha kwao, iwapo kwao kumetengemaa.

Hapo ndipo ugumu wa huduma hii: kupenda kwa moyo wote pasipo kudai. Walioitenda, wengi wao wajane wasioandikwa katika kumbukumbu za vikao, waliyatimiza maagizo ya Yakobo 1:27 jikoni na shambani mwao. Usharika unaoingia karne ya pili umerithi kazi yao pamoja na majengo.