MFALME WA MAGEMU ALIVYOPOTEA: Soma hii kabla hujanunua kadi

Mwaka jana nilijibana miezi saba, chipsi kuku nikaacha, bando la usiku nikaacha, ili tu ninunue kadi ya grafiki ya mtumba, RX 580. Nafika geto Mbagala, nafungua kompyuta, nakuta kadi ina tundu la umeme la pini 8. Pawa saplai yangu, ile ya kompyuta za ofisini, haina hata waya mmoja wa kuchomeka pale. Muuzaji akagoma kurudisha hela. Nilicheka ili nisilie.

Ndo nikaanza kufuatilia hizi kadi zimetoka wapi. Kumbe jibu langu lilikuwa kwenye historia muda wote.

Turudi 1993, Marekani. Mainjinia watatu wanakutana kwenye mgahawa huko San Jose, California, kahawa mezani, wanapanga kampuni. Ndo Nvidia hiyo. Mwaka uliofuata, mji huohuo, watatu wengine wakaanzisha 3dfx. Enzi hizo kazi kubwa ya kuchora gemu kwenye kompyuta ya nyumbani ilikuwa ya prosesa, na prosesa ilikuwa inahema.

Nvidia walianza vibaya. Kadi yao ya kwanza, NV1 ya 1995, ilichora vitu kwa maumbo ya kujipinda, wakati Microsoft walienda na pembetatu. Ikabuma, na kampuni ikapunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi.

3dfx wao wakatoka na Voodoo mwaka 1996. Ilikuwa na memori MB 4 tu, na haikuwa na uwezo wa kuonyesha hata skrini ya kawaida. Ilibidi uwe na kadi nyingine, uziunganishe kwa waya kwa nyuma. Lakini Quake ikichezwa humo, ilikuwa laini utadhani gemu jingine kabisa. 3dfx wakawa wafalme.

Mfalme akajikwaa mwenyewe. Mwishoni mwa 1998 3dfx wakatangaza kuinunua STB, kampuni ya kutengeneza kadi, ili waache kuwauzia wengine chipu na watengeneze kadi wenyewe. Wateja wao wa zamani wakahamia Nvidia, ambao walikuwa wamefufuka na RIVA 128 ya 1997. Mwaka 1999 Nvidia wakatoa GeForce 256 na kuinadi kwa jina la GPU. Mwaka 2000 3dfx wakajibu na Voodoo5 5500: imechelewa, ndefu, ina chipu mbili, na inakula umeme mpaka ikawekewa waya wake kutoka pawa saplai. Desemba mwaka huohuo wakakubali kuwauzia mali zao Nvidia. Ufalme wa miaka minne tu!

Mmeona? Tatizo langu la Mbagala lina zaidi ya miaka ishirini.

Kuna kingine. Mwaka 2017, halafu tena 2020 na 2021, wachimbaji wa sarafu za kidijitali kama Ethereum walizoa kadi madukani, bei zikapaa. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha uchimbaji wa aina hiyo, na kadi zilizofanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni. RX 580 ni moja ya zile walizozipenda sana. Kwa hiyo ukiona mtumba wa bei chee, jiulize ulikuwa wapi.

Funzo ni kwamba jina halichezi gemu. Anza na pawa saplai, pima keisi yako, kadi ije mwisho. Tundu la mazabodi linatoa wati 75 tu, plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kama una boksi la ofisini, tafuta GTX 1650, matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. Na kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji awashe gemu mbele yako nusu saa nzima, usikilize feni.

Mimi ilibidi nijibane miezi miwili mingine ninunue pawa saplai. Sasa hivi inakimbiza, kadi ileile. Wewe ulipigwa wapi ulipounda yako? Tupia hapo chini, wenzako wasirudie.