Mahenge na somo la kujenga kimbilio la majeruhi wa vita

ASKARI aliyejeruhiwa vitani huhitaji mambo mawili yasiyofanana: hospitali ya kuyaokoa maisha yake, na baadaye mahali pa kujifunza kuyaishi upya. La kwanza majeshi mengi hulitimiza. La pili huchelewa, na wakati mwingine halifiki kabisa. Hapo ndipo huzaliwa wazo la kujenga kimbilio mlimani, penye hewa baridi na utulivu, ambamo wapiganaji wa zamani hutibiwa mwili na akili kwa pamoja.

Wazo hilo huvutia, lakini historia ya Bonde la Kilombero inaonyesha kuwa mlima peke yake hauponyi mtu.

Mji wa Ifakara umekaa bondeni, katika kimo kisichofika mita 300 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja wa bonde imesimama safu ya Udzungwa, ambayo kilele chake cha Luhombero kinazidi mita 2,500. Upande wa pili, ng'ambo ya Mto Kilombero, imeinuka milima ya Mahenge, na mji wenye jina hilo uko kwenye kimo cha takriban mita 1,000. Wakati wa masika mto hufurika na kulifunika bonde, hali inayolipatia rutuba inayozaa mchele maarufu wa Kilombero, lakini pia huongeza mazalia ya mbu.

Tofauti hiyo ya kimo ni miongoni mwa sababu zilizowafanya watawala wa Kijerumani waipende Mahenge. Palikuwa na baridi, malaria ilikuwa pungufu kuliko bondeni, na adui aliweza kuonekana kutoka mbali. Agosti 30, 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, maelfu ya wapiganaji, wakiwamo Wapogoro na Wambunga, waliishambulia boma hiyo wakakutana na bunduki za rashasha. Waliojeruhiwa siku hiyo kwa upande wa wananchi hawakuwa na hospitali. Walirudi vijijini, na kilichofuata kilikuwa njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi.

Miaka 12 baadaye ikafika zamu ya Wajerumani wenyewe. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mahenge ilikuwa ngome yao muhimu ya kusini-magharibi, chini ya Kapteni Theodor Tafel. Kwa mtazamo wa daktari, palikuwa mahali panapofaa kwa wagonjwa na majeruhi. Kwa mtazamo wa mtunza ghala, palikuwa mtego. Chakula cha eneo hilo kilikuwa kimekwisha kuliwa na majeshi, na majeshi ya Ubelgiji na Uingereza yalikuwa yakisogea kutoka pande mbalimbali.

Mwanzoni mwa Oktoba 1917 Tafel aliondoka kuelekea kusini. Wabelgiji waliingia Mahenge Oktoba 9, wakawakuta wagonjwa na majeruhi walioachwa nyuma kwa kuwa hawakuweza kusafiri. Tafel mwenyewe alisalimu amri mwezi uliofuata karibu na Mto Ruvuma, askari wake wakiwa na njaa. Mlima uliochaguliwa kwa afya yake ulishindwa kuwahifadhi wagonjwa kwa sababu haukuwa na njia ya uhakika ya kupandishia chakula na dawa.

Katika vita hivyo kulikuwa na kundi lililosahauliwa zaidi, nalo ni la wapagazi. Makumi ya maelfu ya Waafrika waliobeba risasi na vyakula walikufa, wengi wao kwa kuhara, homa ya mapafu na utapiamlo. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi, limebaki kumbukumbu ya kikosi chao cha Waingereza. Walionusurika walirudi makwao na makovu yao, na uponyaji ukaachwa mikononi mwa ndugu.

Wakati huohuo, huko Scotland, jeshi la Uingereza lilikuwa limefungua hospitali ya Craiglockhart, kando ya kilima nje ya Edinburgh. Kati ya 1916 na 1919 ilipokea maofisa waliopata kiwewe cha vita. Daktari W.H.R. Rivers aliwatibu kwa mazungumzo, akiwahimiza kuyakabili waliyoyaona badala ya kuyazika moyoni. Mwenzake, Arthur Brock, aliamini kuwa mgonjwa hupona kwa kazi, hivyo akawasukuma kulima, kuandika na kushirikiana na jamii iliyowazunguka. Hata hivyo, hospitali hiyo ilikuwa ya maofisa; askari wa kawaida hawakuingia.

Kutokana na mifano hiyo miwili, mtu anaweza kuorodhesha yale ambayo kimbilio la mlimani haliwezi kuyakosa. La kwanza ni barabara inayopitika mwaka mzima. La pili ni maji na shamba, ili mahali pajilishe kwa kiasi fulani na wagonjwa wapate kazi yenye faida. La tatu ni karakana ya miguu na mikono ya bandia, kwa kuwa kiungo cha bandia huhitaji kurekebishwa mara kwa mara. La nne ni wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa afya ya akili. La tano ni vyumba vya familia, maana mgonjwa aliyetengwa na mkewe na watoto kwa miezi mingi hurudi nyumbani akiwa mgeni.

Aidha, majengo yenyewe yawe na njia za mteremko badala ya ngazi. Jambo hilo huonekana dogo hadi pale mtu wa kiti cha magurudumu anapokwama mlangoni.

Mengine kati ya hayo sasa yanawezekana Kilombero kuliko zamani. Kwa miaka mingi safari kati ya Ifakara na Mahenge ilitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero kilizama. Daraja la mto huo, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018. Ifakara ina kituo cha reli ya TAZARA na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, inayoweza kupokea wagonjwa wanaozidiwa. Kwa upande wa ufundi, chuo cha wataalamu wa viungo bandia kilichoanzishwa 1981 katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika.

Hitaji nalo si la kihistoria tu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliwapeleka mstari wa mbele wanajeshi pamoja na mgambo, ambao wengi walirejea vijijini baada ya ushindi. Desemba 7, 2017, walinda amani 15 wa Tanzania waliuawa katika shambulio la Semuliki, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa.

Kila mwaka, Julai 25, taifa huwakumbuka mashujaa wake waliokufa. Waliorudi wakiwa hai lakini na majeraha hawahitaji mnara. Wanahitaji mahali penye njia ya kupandia, kazi ya kufanya wakiwa juu, na njia ya kushukia kurudi kwa watu wao.