Njia ya Ilemba na Mirembe

Majina mawili yanakabiliana katika habari hii. Sumbawanga, kwa masimulizi ya wenyeji, ni amri: tupa uchawi. Mirembe, hospitali kuu ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, ina jina ambalo kwa Waganda maana yake ni amani. Baina ya amri ile na amani hii pana mamia ya kilomita. Na historia ya tiba ya akili Tanzania ni historia ya njia hiyo. Nani aifuate: mgonjwa, au dawa?

Zamani swali hilo halikuwapo. Ilemba, bondeni mwa Rukwa chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, kama ilivyokuwa mwambao, aliyerukwa na akili alitibiwa kwao. Uganga huo ulikuwa na madhila yake: kamba mikononi mwa mgonjwa, na tuhuma za uchawi zilizomwangukia jirani asiye na hatia. Hata hivyo, mgonjwa aliulizwa hali yake kwa lugha aliyonyonya kwa mamaye.

Mwaka 1904, huko Lutindi katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua hospitali ya wagonjwa wa akili mahali palipokuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Waingereza nao, katika miaka ya 1920, wakajenga Mirembe. Baadaye ikawapo Isanga, ya wagonjwa waliotenda makosa ya jinai. Mpango wa mkoloni ulikuwa mmoja: nyumba kubwa katikati ya nchi, na watu waletwe. Mfipa aliyefikishwa huko alitengana na wazee wake, shamba lake na lugha yake. Mitaani jina la amani likageuka tusi.

Baada ya uhuru, mawazo yaligeuka. Huko Hombolo, karibu na Dodoma, wagonjwa waliwekwa katika kijiji cha kilimo badala ya wodi. Mkutano wa Alma Ata wa mwaka 1978 ulipotangaza afya ya msingi kwa wote, Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliotaka akili nayo ihesabiwe humo; na katika miaka ya 1980 Morogoro na Kilimanjaro zikawa mikoa ya majaribio, wauguzi wa zahanati wakifundishwa kuutambua wazimu na kifafa. Mwaka 2008 Bunge likatunga Sheria ya Afya ya Akili mahali pa ile ya kikoloni, iliyokuwa ikitaja maradhi tu. Kutoka maradhi hadi afya ni neno moja, lakini limechukua umri wa mtu mzima.

Basi mpango huo haupimwi Dodoma, ambako majengo yapo. Hupimwa Ilemba, siku mama anapomshika mkono mwanawe asiyelala usiku, akaenda naye zahanati. Akikuta dawa na mtu wa kumsikiliza, njia imefupika. Akikosa, itabaki kamba, au safari ile ile ya mababu.