Moyo Mzito na Tiba Ndogo: Kutoka kwa Eliya Hadi Lutindi

Katika sharika zetu za Kilosa na Mikumi, neno sonona husikika hospitalini zaidi kuliko barazani. Barazani tunasema fulani ana mawazo, fulani amenyong'onyea, fulani siku hizi hana raha. Na mara nyingi kabla ya kumuuliza amelala vipi au amekula nini, tunampa hukumu: imani yake imepungua, aombe zaidi, afunge. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na mzigo mmoja anakuwa na miwili, huzuni yake na hatia juu yake. Ananyamaza. Jumapili ya pili haonekani, na ya tatu hatuulizi.

Historia ya imani yetu haiungi mkono hukumu hiyo. Tukiifuata kwa utulivu tunaona watu wa Mungu walioinama moyo, na tunaona walivyoinuliwa kwa mambo madogo sana, ambayo hata mtu asiye na shilingi mfukoni anaweza kuyaanza.

Tuanze na nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19. Alikuwa ametoka kushinda mlimani Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha baada ya ukame mrefu. Baada ya ushindi huo, tishio moja la Yezebeli likamkimbiza hadi jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Angalia Mungu alivyofanya. Hakumhubiria. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa na kumpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Baada ya hapo akatembea hadi Horebu, na huko ndiko Mungu alikomuuliza ana nini, akamsikiliza. Mwishoni alipewa kazi ya kufanya, akaambiwa hayuko peke yake, akapewa na mwenzi, Elisha. Usingizi, chakula, mwendo, mazungumzo, kazi, mwenzi: ndio utaratibu wa Mungu mwenyewe kwa nabii aliyechoka, na swali la moyoni lilikuja baada ya mwili kutunzwa.

Martin Luther naye aliijua njia hiyo kwa sababu aliipita. Mwaka 1527 alianguka ghafla kwa ugonjwa, na miezi iliyofuata alizama katika giza la moyo wakati tauni ikiwa Wittenberg. Mwaka 1528 binti yake mchanga Elisabeth akafariki, na mwaka 1542 akamzika Magdalena aliyekuwa na miaka 13. Mtu huyu ndiye aliyeandika barua kwa wenye huzuni, na barua zake zinashangaza kwa wepesi wake. Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, alimwandikia kijana Hieronymus Weller, aliyekuwa akiwafundisha watoto wake, akimtaka akimbie upweke, atafute watu, azungumze, acheke na kutania. Alimshauri hata aongeze kinywaji kidogo, ushauri ambao mimi simpi msharika yeyote, maana pombe huazima furaha ya jioni na kudai riba asubuhi. Mwaka 1534 alimwandikia Matthias Weller, ndugu wa kijana huyo na mpiga kinanda, kwamba huzuni ikimjia aende kwenye kinanda chake, apige na kuimba mpaka mawazo yale yamtoke. Mwaka huohuo alimhimiza mtawala kijana, Joachim wa Anhalt, apande farasi, aende kuwinda, akae na watu wachangamfu. Luther aliamini sala kuliko wengi wetu. Lakini hakuitumia sala kumfungia mtu chumbani peke yake.

Tusidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Ugogo na Unyamwezi, ilipita hapa kwetu, kwenye mbuga ya Mkata na kupanda bonde la mto Mkondoa. Wakati wa masika mbuga ile ilikuwa tope na maji. Henry Morton Stanley aliivuka mwaka 1871 akatoka upande wa pili akiwa mgonjwa. Wapagazi walibeba karibu frasila mbili kila mmoja, yaani zaidi ya kilo 30, siku baada ya siku. Walitembea nyuma ya kirangozi, kwa ngoma na nyimbo. Mzigo haukupungua uzito kwa wimbo, ila mguu uliofuata mdundo ulipata nguvu ya hatua nyingine, na aliyechoka aliwasikia wenzake mbele na nyuma yake.

Njia hizohizo za misafara zilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, wakiwemo watoto. Hapa ndipo historia ya Walutheri wa Tanzania inapotupa mfano wetu bora. Mwaka 1896, katika milima ya Usambara, Wakristo kutoka Ujerumani walianzisha makao ya Lutindi kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hadi leo Lutindi ni hospitali ya wagonjwa wa akili chini ya KKKT.

Waliojenga Lutindi walifungamana na Bethel, mji wa huruma ulioko Bielefeld, ulioongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh kuanzia mwaka 1872. Mchungaji huyu alijua huzuni. Mwanzoni mwa mwaka 1869 yeye na mkewe waliwazika watoto wao wanne katika muda wa wiki mbili hivi, wote kwa kifaduro. Msiba huo haukumfunga. Miaka mitatu baadaye alikabidhiwa wagonjwa wa kifafa ambao jamii iliwaficha, akawapa vitu vilivyoonekana vidogo: nyumba yenye watu, ratiba ya siku, ibada, na kazi inayolingana na nguvu za kila mmoja, shambani, jikoni au karakanani. Aliona kwamba mtu anayehitajika mahali fulani asubuhi ana sababu ya kuamka. Lutindi nayo ilishika njia hiyo. Wagonjwa hulima, huchuma chai, hufanya kazi za mikono, huimba na kusali pamoja, huku wakipata dawa. Dawa na jembe havikugombana.

Wataalamu wa leo wanafika palepale. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa na wenye sonona kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Kwa Kishona hali ile huitwa kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema mawazo. Bibi anasikiliza, kisha anamsaidia mtu achague tatizo moja tu kati ya mengi, na hatua moja ndogo ya kulishughulikia wiki hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu tunakumbuka Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, ukaingia Kilosa, ukakata reli na kuwaacha maelfu wakiishi kwenye mahema. Maji yalikauka, lakini wako waliobaki na maji moyoni. Na hata pasipo mafuriko, kuna mahindi yaliyoliwa na tembo, ndoa iliyovunjika, kijana aliyemaliza shule na kukaa bila kazi, mama aliyejifungua na kulia bila kujua kwa nini. Kwa hao wote, historia tuliyoipitia inatupa njia chache za kuanzia.

Lala na uamke saa ileile, hata kama usingizi umekuja kwa taabu. Kula, hata uji kikombe kimoja, kabla hujayapima maisha yako, maana tumbo tupu ni hakimu mkali. Toka nje asubuhi, tembea hadi jasho jembamba likutoke. Ndugu wa Mikumi, tembeeni jua likiwa limetoka na upande wa makazi, tembo hawajui kwamba mnatafuta faraja. Fanya kazi moja inayoonekana ikiisha: fagia uwanja, palilia matuta mawili, fua shuka. Usingoje upate hamu ndipo uanze, kwa kuwa hamu huja nyuma ya mikono. Nenda kwenye kwaya hata kama utaimba kwa sauti ya chini, na uende kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba hata kama hutasema neno. Mweleze mtu mmoja unayemwamini. Na sala yako iwe fupi. Eliya alipoomba vibaya kabisa, akiomba kufa, Mungu alimsikia, akamjibu kwa mkate.

Njia hizi zina mpaka wake. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, ukashindwa kula, kulala au kufanya kazi, ama ukaanza kufikiria kujidhuru, hiyo si siku ya kujikaza. Mwambie mtu leo, na aende nawe kituo cha afya. Kumeza dawa ya sonona si dhambi, kama kumeza dawa ya malaria isivyo dhambi. Aliyekwambia uchague kati ya daktari na Yesu hakusoma historia ya Lutindi.

Nawaomba basi wazee wa kanisa, akina mama wa vikundi na vijana wa kwaya jambo moja. Jumapili hii tazameni viti. Kuna mtu mliyezoea kumwona ambaye hayupo. Msimtumie ujumbe wa kumuuliza kwa nini haji kanisani. Nendeni kwake mkiwa na chupa ya chai na maandazi, kaeni, mleni pamoja naye, na kama kuna kuni za kupasua, mzipasue naye. Maneno ya Mungu mtayapata baadaye, na wakati huo atakuwa na nguvu ya kuyasikia.