Kutembelea wafungwa Kibondo na Kasulu

Kutembelea wafungwa katika wilaya za Kibondo na Kasulu (Mkoa wa Kigoma, Tanzania) huongozwa na Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 pamoja na kanuni zake. Kila wilaya ina gereza lililo chini ya Jeshi la Magereza, ambalo ni sehemu ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Sheria ni ileile ya nchi nzima, lakini katika nyanda hizi za Waha utekelezaji wake huguswa na mambo mawili: umbali na kambi za wakimbizi.

Mahabusu na mfungwa

Neno "mahabusu" huwachanganya wengi, kwa kuwa hutumika kwa mtu anayeshikiliwa na pia kwa chumba cha polisi. Aliyekamatwa hukaa kwanza kituo cha polisi, na ndugu humwulizia huko. Hupelekwa gerezani mahakama ikiamuru awekwe rumande, ama kwa sababu kosa lake halina dhamana, ama kwa kukosa wadhamini.

Mtu huyo bado hajatiwa hatiani, hivyo anaweza kuruhusiwa kuvaa nguo zake na kupokea chakula kutoka nyumbani. Aliyehukumiwa hula chakula cha gereza, huvaa sare, na nafasi zake za kutembelewa ni chache zaidi. Kwa hiyo ndugu anapaswa kujua jina kamili la anayemtafuta, kama lilivyoandikwa mahakamani, na kama kesi yake imekwisha.

Langoni

Mgeni hujitambulisha kwa askari wa zamu na kuonyesha kitambulisho. Yeye na mizigo yake hupekuliwa, simu haiingii. Chakula hukaguliwa, na mara nyingi aliyekileta hutakiwa kukionja kwanza. Kuingiza kitu kilichokatazwa, kama pombe au bangi, ni kosa linaloweza kumfikisha mgeni mwenyewe mahakamani. Mazungumzo hufanyika mbele ya askari, na barua husomwa kabla ya kumfikia mlengwa. Wakili ana nafasi tofauti: kwa mujibu wa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, askari anaweza kuwaona wakizungumza lakini asiwasikie.

Siku na saa hupangwa na uongozi wa gereza, na ni vema kuziulizia kabla ya kulipa nauli. Mahabusu hurudishwa mahakamani kila baada ya wiki mbili hivi kesi yake inapotajwa. Kwa familia nyingi siku hiyo ndiyo nafasi ya kumwona akishuka kwenye karandinga, hata kama hawaruhusiwi kumkabidhi kitu.

Umbali

Kesi za mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na mshtakiwa anaweza kuhamishiwa gereza lingine, kwa mfano Bangwe mjini Kigoma. Kutoka Kibondo hadi huko ni zaidi ya kilomita 200. Kanuni za Mandela zinataka mfungwa awekwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana, lakini hazimpi haki ya kuchagua gereza. Malalamiko hupelekwa kwa mkuu wa gereza, na yakishindikana kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye mamlaka ya kuingia magerezani.

Wakimbizi

Kambi ya Nyarugusu iko wilayani Kasulu, na ya Nduta iliwekwa wilayani Kibondo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi apate kibali kabla ya kutoka kambini. Mama anayekwenda kumwona mwanawe gerezani bila kibali anaweza kukamatwa njiani na kushtakiwa yeye pia. Kibali huombwa kwa ofisi ya serikali iliyopo kambini.

Mgeni mwingine kutoka nje, aliyefungwa kwa mfano kwa kuingia nchini bila hati, ana haki ya kuonana na ofisa wa ubalozi wake kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa 1963. Burundi na Kongo zina ofisi za ubalozi mdogo mjini Kigoma. Mkimbizi aliyeikimbia serikali yake halazimiki kuonana na ofisa huyo. Anaweza kuomba Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lijulishwe badala yake.